Tarehe Sita, Mwezi wa Nane

Simu iliita saa tatu asubuhi, siku ya Alhamisi, na mwenye simu alikuwa amelala. Nikaipokea mimi. Mwaka ule wa barakoa kiwanda cha vigae ninakotunza stoo kilikuwa kikitupumzisha kila Alhamisi kwa kukosa oda, kwa hiyo nilikuwa jikoni nikisugua masufuria na kumsikiliza binti yangu akikoroma.

"Namtafuta Pei-jou," sauti ya mwanamume ikasema. "Ni Tseng hapa, wa ofisi ya mji, dawati la vijana. Nathibitisha tu. Leo saa nane mchana nakuja kushuhudia ufunguzi wa kibanda chake."

"Leo ipi?"

"Leo hii, mama. Tarehe sita, mwezi wa nane. Ndiyo tarehe aliyojaza mwenyewe."

Nikamwambia tunamsubiri kwa hamu. Nikakata simu, nikaenda chumbani kwa Pei-jou, nikavuta shuka.

"Kibanda chako kinafunguliwa leo," nikamwambia.

"Ma, acha utani. Bado siku arobaini na saba."

"Kwa kalenda ya nani?"

Akafumbua jicho moja. Nikaona kabisa jinsi hesabu ilivyokuwa inapita nyuma ya lile jicho, taratibu, kama treni ya mizigo. Kisha akafumbua na la pili.

"Ya bibi," akasema. "Mungu wangu. Ya bibi!"

Niseme mambo yalivyokuwa. Pei-jou alikuwa mhudumu wa hoteli kule jijini Taichung. Wageni walipoacha kuja, hoteli ikafungwa, na mwezi wa tatu akarudi nyumbani Yunlin na masanduku mawili na digrii moja. Kwa miezi minne alilala akitazama dari. Nilimpikia, nikamgombeza, nikampikia tena. Halafu serikali ikamwaga fedha za kuchochea uchumi. Sehemu ilikuja kwetu sote kama vocha za kununulia vitu. Sehemu nyingine ilikwenda kwa vijana wasiozidi miaka thelathini, waanzishe biashara. Soko letu la zamani lilikuwa na vibanda kumi na viwili vitupu ambavyo paka walikuwa wamevigeuza makazi. Kijana akiomba akashinda, anapewa kibanda mwaka mzima bila kodi, jiko, jokofu, na posho ya miezi sita mpaka miguu yake ikaze. Pei-jou aliomba, akapata.

Masharti yalikuwa machache, lakini yalikuwa ya chuma. Ufungue siku uliyoiandika mwenyewe. Ofisa awepo. Uuze kwa wateja watano wasio ndugu zako. Ukishindwa, kibanda kinakwenda kwa anayefuata kwenye orodha, na orodha ilikuwa na majina arobaini na moja. Najua kwa sababu nilipiga simu kuuliza.

Tarehe tuliitoa hekaluni, kupitia kwa bibi, yaani mama mkwe wangu. Bibi anaishi kwa kalenda ya mwezi wa angani. Ile nyingine anaikumbuka bili ya umeme ikija tu. Hekaluni walimwandikia kwenye karatasi nyekundu: mwezi wa nane, tarehe sita. Siku tulivu, mwezi wa saba, wa mizimu, ukiwa umeshapita, maana ndani ya mwezi wa mizimu hakuna mwenye akili timamu anayefungua biashara. Pei-jou akachukua zile namba kama zilivyo akazijaza kwenye fomu ya serikali, na serikali haijui kalenda ya bibi. Na mimi, mwenye stashahada ya ufundi, ninayekagua hati za mizigo kiwandani mpaka kigae kimoja kisipotee, niliikagua ile fomu mara mbili nikasema safi, tuma.

"Tuwapigie," Pei-jou akasema. "Tuwaambie tulichanganya kalenda."

"Waambie. Wenzako arobaini na moja watafurahi sana."

Akakaa kitandani na nywele zimesimama upande mmoja. Nilidhani atalia. Badala yake akaanza kucheka, akacheka mpaka akateleza chini akapiga magoti, na mimi niliyekuja na hasira nikajikuta nimeshika mlango nacheka naye kama mwehu.

"Saa tano," akasema akijifuta machozi. "Ma, tuna saa tano. Unga peke yake unataka tatu."

"Basi unafanya nini hapo sakafuni?"

Chakula chake ni kile cha kwetu: chapati nyembamba kama karatasi, ndani yake kashata ya karanga iliyopigwa randa ya seremala mpaka ikawa unga unga, juu yake mabonge mawili ya aiskrimu, majani ya giligilani, halafu unakunja. Kila mtu mjini kwetu amekila tangu utotoni. Tofauti ya Pei-jou ni kwamba chapati alitaka kuzipika hapo hapo, mbele ya mteja, si kuzinunua zimekauka kwenye mfuko. Kwa mwezi mzima alikuwa akijaribu, na tulikuwa tumekula majaribio mpaka baba yake akaanza kuchelewa kurudi kutoka kazini makusudi.

Aliingia jikoni na nguo za kulalia akaanza kupiga unga kwa mkono. Unga wenyewe ni laini, unavutika kama mpira, na unapigwa kwenye beseni pa, pa, pa, mpaka jirani wa juu akagonga sakafu yake.

"Ma! Kashata, kwa Mzee Ko, mabonge mawili makubwa. Aiskrimu ya magimbi na ya nanasi, deli moja moja. Mtungi wa gesi. Giligilani. Karatasi za kufungia. Na randa ipo chini ya kitanda changu."

"Kwa nini randa ipo chini ya kitanda?"

"Nenda!"

Nikaenda. Sijawahi kuamrishwa na mtoto wangu namna ile, na nikiri kwamba nilitii kama askari. Niliendesha pikipiki na mtungi wa gesi katikati ya miguu, deli mbili zimefungwa nyuma, mabonge ya kashata kwenye begi mgongoni, na fungu la giligilani nimelibana kwapani. Kwenye taa za barabarani polisi alinitazama. Nikamtazama. Taa ikawa kijani.

Nilipofika sokoni saa sita na nusu, Pei-jou alikuwa amefukuza paka, amesugua kibanda, na sasa alikuwa anabishana na bibi. Bibi alikuwa ameketi juu ya kigoda mbele ya jiko, magoti yamezuia mlango wa kuingizia mtungi, mkononi ana kitabu chake cha kalenda ya siku njema na siku mbaya.

"Leo haiwezekani," bibi akasema. "Njooni mwone wenyewe. Leo inafaa: kuoga, kukata kucha, kutengeneza jiko. Haifai: kufungua biashara. Imeandikwa."

"Bibi, nikikosa leo nimekosa kabisa," Pei-jou akasema.

"Na ukifungua leo utafilisika kabla ya mwaka mpya. Unataka nini, kukosa au kufilisika?"

"Mama," nikamwambia bibi, "sogeza magoti. Gesi nzito."

"Sisogei."

Ninamheshimu mama mkwe wangu, lakini saa ile nilikuwa nimeshaanza kupima uzito wake kwa macho ili nione kama naweza kumbeba pamoja na kigoda. Pei-jou akachuchumaa akamwangalia usoni.

"Bibi, hebu soma tena inayofaa."

"Kuoga. Kukata kucha. Kutengeneza jiko."

"Hili jiko limewahi kuwashwa?"

"Bado."

"Jiko ambalo halijawashwa si bado halijatengenezwa?"

Bibi akatazama kitabu. Akatazama jiko.

"Kwa hiyo leo mimi sifungui biashara," Pei-jou akaendelea. "Leo natengeneza jiko. Naunga gesi, nawasha moto, naona kama linapika sawasawa. Nitajuaje kama linapika bila kupika?"

"Hmm," bibi akasema. "Na mtu akipita hapa ana njaa?"

"Nimfukuze?"

"Utamfukuzaje mtu mwenye njaa? Sikukulea hivyo."

Akaondoa magoti.

Nikaunga mtungi. Moto wa buluu ukawaka chini ya bamba la chuma na sote watatu tukapiga kelele kana kwamba tumegundua moto sisi. Pei-jou akachukua donge la unga, akaligusisha kwenye chuma, akalizungusha, akaliinua. Pakabaki duara jembamba jeupe. Baada ya kupumua mara mbili akalibandua kwa ncha za vidole. La kwanza likachanika. La pili likachanika. La tatu likatoka zima, unaweza kusoma gazeti kupitia kwake.

"Niache nijaribu," nikasema.

Nikaligusisha donge. Likakataa kuinuka. Nilivyovuta, likanifuata mpaka begani.

"Ma, piga randa," Pei-jou akasema bila kunitazama.

Nikapiga randa. Hiyo kazi naijua.

Saa nane kasoro dakika tatu Bwana Tseng akaja. Mwanamume wa miaka hamsini hivi, barakoa, faili, kamera, na shati limeshika mgongo kwa jasho. Alikagua jokofu. Alikagua mtungi. Alikagua barakoa zetu. Akafungua faili.

"Vizuri," akasema. "Kibanda namba saba. Kimefunguliwa leo, sivyo?"

"Hapana," bibi akasema.

Kalamu ikasimama.

"Bibi!" Pei-jou akasema.

"Siwezi kudanganya mtu wa serikali. Hakijafunguliwa. Jiko linatengenezwa."

Bwana Tseng akanigeukia mimi, akaniona nina unga begani, akarudi kwa Pei-jou.

"Dada, hapa nina visanduku viwili. Kimefunguliwa. Hakijafunguliwa. Sina kisanduku cha jiko."

Pei-jou alikuwa ameshika donge la unga na lilikuwa linateremka polepole kwenye vidole vyake.

"Bwana Tseng," Pei-jou akasema, "tarehe iliyo kwenye karatasi yako ni ya kalenda gani?"

"Ya serikali."

"Bibi, kitabu chako ni cha kalenda gani?"

"Ya kweli," bibi akasema.

"Basi kwenye karatasi ya serikali, Bwana Tseng aandike ya serikali. Kwenye kitabu cha bibi, tutafungua tarehe sita mwezi wa nane, na fataki tutapiga. Kuna anayedanganya?"

Bibi alifikiri mpaka nikahisi nywele zangu zinaota mvi.

"Kwenye karatasi yake aandike anachotaka," akasema hatimaye. "Si kitabu changu."

Bwana Tseng akatia alama. Nadhani alikuwa anatabasamu, lakini barakoa ni barakoa.

"Sasa wateja watano," akasema. "Wasio ndugu."

Hapo ndipo tulipokwama. Soko letu lina watu kama mia moja, na Pei-jou alikulia humo. Alitokea mama wa tofu, muuza jibini ya soya, akiwa amenyoosha vocha yake. "Shangazi, karibu!" Pei-jou akasema, kwa mazoea tu, kama tunavyomwita kila mwanamke wa umri wangu.

"Shangazi?" Bwana Tseng akauliza.

"Si shangazi wa damu," nikasema.

"Nilimbeba huyu akiwa na siku tatu!" mama wa tofu akasema kwa fahari. "Ni wangu huyu!"

Bwana Tseng akamwandika pembeni na alama ya kuuliza. Akaja muuza nguo: "Mjomba." Alama ya kuuliza. Akaja muuza bata: huyo kweli ni binamu wa mume wangu, tukamfukuza sisi wenyewe, akaondoka amenuna. Kila aliyekuja akaanza kwa kueleza jinsi alivyomjua Pei-jou akiwa hajaota meno, kwa nia njema kabisa, na kila mmoja alikuwa anatuzika.

"Hakuna humu sokoni mtu asiyempenda huyu mtoto?" nikasema kwa sauti.

"Yupo!"

Sauti ilitoka kibanda cha pili mbele. Mama Liao, muuza madonge ya samaki. Yeye na bibi hawajasalimiana miaka kumi na mmoja, kwa sababu ya mahali pa kuegesha pikipiki. Alikuja akifuta mikono kwenye aproni, barakoa iko kidevuni, kifua mbele.

"Ofisa, andika," akasema. "Mimi na hawa watu hatuna undugu. Hatujawahi kuwa na undugu. Nikiambiwa nina undugu nao nitahama mkoa."

"Asante mama," Bwana Tseng akasema, akiandika kwa haraka. "Unanunua?"

"Nanunua. Nione kama kinalika."

Akaweka vocha ya mia mbili. Kimoja ni hamsini, na vocha hairudishiwi chenji.

"Vinne, basi," Pei-jou akasema.

"Naona. Sina upofu. Vinne." Akamtupia bibi jicho. "Kimoja changu. Vitatu vya wafanyakazi wangu, na wao pia si ndugu zao. Ofisa, wale pale, watatu. Andika."

"Mteja ni anayenunua," Bwana Tseng akasema.

"Basi wanakuja. Nyie! Njooni na vocha zenu!"

Wakaja, wasichana watatu kutoka kijiji kingine kabisa, kila mmoja na vocha yake ya mia mbili, kila mmoja akataka vinne. Hapo hesabu ikawa vipande kumi na sita kwa pigo moja. Pei-jou akaanza kuzunguka: gusisha, inua, bandua, karanga, aiskrimu, majani, kunja. Nikapiga randa mpaka mkono ukawa wa mtu mwingine. Bibi akakunja karatasi akisema, kwa kila aliyemsikiliza, kwamba jiko lilikuwa linaendelea vizuri.

Mama Liao akauma. Akatafuna. Soko zima lilikuwa limeacha kazi.

"Giligilani nyingi mno," akasema, na akauma tena, na tena, mpaka kikaisha, kisha akachukua cha pili kutoka mkononi mwa mfanyakazi wake.

Ilikuwa imebaki mteja mmoja. Kijana wa kupeleka vifurushi, mgeni kabisa, alisimamisha pikipiki kwenye mlango wa soko kwa sababu aliona umati.

"Kuna nini?" akauliza.

"Kuna chakula!" nikapiga kelele. "Wewe ni ndugu yetu?"

"Hapana, mama!" akasema kwa hofu. "Mimi natoka mbali, Pingtung!"

Soko likalipuka kwa shangwe. Mama wa tofu alimshika mkono akamvuta mpaka mbele. Muuza nguo akampisha. Kijana akanunua kimoja kwa pesa taslimu, akiwa na uso wa mtu aliyeingia harusini kwa makosa, na Bwana Tseng akaandika jina lake kwa herufi kubwa nikaziona kutoka nilipo.

Baada ya hapo sikumbuki vizuri nini kilifuata nini. Wale wa alama ya kuuliza walirudi, sasa wakiwa huru kuwa shangazi na wajomba, kila mmoja na vocha na kila mmoja na hasira ya kutopata chenji, kwa hiyo kila mmoja akachukua vinne. Foleni ikapita kwenye samaki, ikapita kwenye tofu, ikakunja kona. Binamu wa bata akasamehe akaja. Vibanda viwili vya mbali, vya vijana wengine wa mpango ule ule, mmoja wa kushona mifuko na mmoja wa kahawa, vikaanza kupata watu waliochoka kusubiri kwetu. Ile fedha iliyotoka mji mkuu kwa milango miwili, mmoja wa vocha na mmoja wa vibanda, nikaiona kwa macho yangu ikikutana mbele ya jiko la mwanangu, na ilinukia karanga.

Bwana Tseng alimaliza fomu yake. Akaiweka juu ya jokofu akapiga muhuri, akabandua nakala, akainyoosha kuelekea kwa Pei-jou.

"Hongera, dada. Kibanda ni chako mwaka mzima."

"Weka hapo!" Pei-jou akasema. Mikono yake miwili ilikuwa kwenye unga, nywele zimenata usoni, na bado alikuwa na suruali ya kulalia yenye picha za dubu. "Unataka cha magimbi au cha nanasi?"

"Niko kazini."

"Vyote viwili, basi. Bibi, mkunjie mkuu!"

Karatasi nikaichukua mimi, maana hakuna mwingine aliyekuwa na mkono mkavu. Nikasimama katikati ya kibanda nikaisoma. Jina, namba saba, mwaka mmoja, muhuri mwekundu. Safari hii niliikagua tarehe mara tatu. Nilikuwa naanza mara ya nne kwa sababu mistari ilikuwa inacheza cheza machoni, jambo ambalo nasema lilitokana na moshi.

"Ma," binti yangu akasema, na kiwiko chake kikanisukuma kando. "Umesimama mbele ya jokofu. Watu wanasubiri."